Jina Limebadilika, Kitenzi Bado: Taswira ya Watu Wenye Ulemavu katika Habari na Maisha ya Hadhara ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Namna watu wenye ulemavu wanavyosawiriwa katika vyombo vya habari na katika maisha ya hadhara imezoeleka kujadiliwa nchini Tanzania kama suala la istilahi. Swali linaloulizwa mara nyingi ni lipi jina linalofaa: kilema, mlemavu, asiyejiweza, au mtu mwenye ulemavu. Swali hilo ni la msingi, na wanaisimu wana wajibu wa kulijibu. Hata hivyo, jibu lake, hata likiwa sahihi, halitoshi, kwani jina ni sehemu moja tu ya sentensi. Mtu anaweza kupewa jina la heshima, kisha akawekwa katika sentensi ambamo hatendi lolote ila hupewa, husaidiwa na huhurumiwa.

Dai la makala hii ni kwamba katika kipindi cha takriban miaka arobaini, tangu sheria za kwanza za mwaka 1982, Kiswahili cha hadhara kimebadilisha nomino kwa kasi ya kuridhisha, lakini vitenzi vinavyoandamana na nomino hizo vimebaki karibu vilevile. Msingi wa kinadharia wa dai hili ni mkabala wa Halliday kuhusu uhusiano wa mtenda na mtendwa katika sentensi, kama ulivyotumiwa na Fowler (1991) kuchunguza lugha ya magazeti. Kwa mujibu wa mkabala huo, kumchagua nani awe kiima na nani awe yambwa si jambo la mtindo tu, bali ni namna ya kugawa uwezo na wajibu katika jamii.

Mifano inahusu zaidi Dar es Salaam, hususan maeneo ya nje ya kitovu cha jiji, yaani Kinondoni na Temeke. Maeneo hayo yamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, vyombo vingi vya habari vya Kiswahili vina makao yake jijini humo. Pili, katika mitaa kama Mwananyamala, Tandika na Mbagala, mtu mwenye ulemavu hajulikani kwa picha ya gazetini bali kwa ujirani, jambo linalowezesha taswira mbili kulinganishwa. Suala lenyewe si la watu wachache: Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini wana ulemavu wa aina moja au nyingine.

2.0 Nomino: Kutoka kilema hadi mtu mwenye ulemavu

2.1 Hoja ya ngeli ya KI-VI

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba majina kama kilema, kiwete, kipofu na kiziwi yanadunisha kwa sababu yamo katika ngeli ya KI-VI, ambayo ni ngeli ya vitu. Hoja hii ina ukweli nusu. Kisarufi, majina hayo, yanapotaja watu, huchukua upatanisho wa viumbe hai katika Kiswahili sanifu:

(1) Kipofu amefika. Vipofu wamefika.
(2) Kiti kimefika. Viti vimefika.

Aidha, ngeli hiyohiyo ina kiongozi, kijana na kinyozi, majina ambayo hakuna anayeyaona kuwa matusi. Kwa hiyo kiambishi ki- peke yake hakimgeuzi mtu kuwa kitu. Kinachodunisha ni mzungumzaji anapouacha upatanisho wa viumbe hai kwa makusudi na kusema kile kimefika, kama asemavyo kuhusu kitoto au kijitu anachokidharau. Dharau hiyo imo katika upatanisho wa kitenzi, wala haimo katika jina.

Tatizo la neno kilema liko mahali pengine. Neno hili lina maana mbili kwa wakati mmoja: hasara ya mwili, na mtu mwenye hasara hiyo. Katika kilema chake hakimzuii kufanya kazi, kinachotajwa ni hali. Katika kilema amekuja, anayetajwa ni mtu. Lugha imelitumia umbo moja kwa vitu viwili, na matokeo yake ni kwamba hali humeza mtu. Jambo hilo linafanana na lile aliloeleza Goffman (1963) alipojadili alama ya aibu: sifa moja ya mtu hutwaa nafasi ya sifa zake nyingine zote.

2.2 Muundo wa mwenye

Neno mlemavu, lililotokana na kitenzi lemaa, lilileta nafuu ya kimofolojia kwa kumhamishia mtu katika ngeli ya M-WA na kuiacha hali katika umbo la ulemavu. Hatua iliyofuata ilikuwa kutenganisha mtu na hali kwa maneno mawili: mtu mwenye ulemavu. Umbo hili ndilo lililokubaliwa rasmi katika Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu ya 2004 na katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Sheria hiyo ilitungwa baada ya Tanzania kuridhia, mwaka 2009, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu hao.

Wapo wanaoliona umbo hili kuwa refu na la kigeni, lililoletwa na mikataba ya kimataifa. Ushahidi wa lugha yenyewe unapinga dhana hiyo. Kiswahili kimekuwa na mwenye chongo, mwenye kibiongo, mwenye kigugumizi na mwenye makengeza tangu zamani. Muundo wa mwenye ulikuwapo kwa hali nyingi za mwili; kilichofanywa na sera ni kuupanua ufikie hali zilizokuwa na majina ya moja kwa moja. Wahenga nao walikwisha kuonyesha kuwa jina hutegemea moyo wa anayeita waliposema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo husemwa kwa kejeli juu ya wapenzi, lakini ndani yake mna kanuni ya isimujamii: jicho ni lilelile, kilichobadilika ni uhusiano wa mwitaji na mwitwa.

2.3 Majina wanayojiita wenyewe

Vyama vya watu wenye ulemavu havikufuata njia moja. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kimebaki na neno la ngeli ya KI-VI katika jina lake, ilhali Chama cha Walemavu Tanzania (CHAWATA) kimebaki na neno walemavu. Shirikisho la vyama hivyo, SHIVYAWATA, leo hutumia watu wenye ulemavu. Uamuzi wa viziwi unastahili kuzingatiwa. Wao hukataa neno bubu, kwa kuwa linawanyima lugha, na wana lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania. Neno kiziwi hawalikatai, kwa sababu kwao linataja jamii ya watumiaji wa lugha na halitaji kasoro. Maneno wasioona na wasiosikia, ambayo wengi huyaona kuwa ya adabu, humweleza mtu kwa kiambishi cha ukanushi, yaani kwa kile asichofanya.

Neno lenye uzito zaidi katika kundi hili ni asiyejiweza. Limetumika katika lugha ya huduma za jamii kwa muda mrefu, kwa mfano kuhusiana na makazi ya Nunge huko Kigamboni, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke kabla ya wilaya mpya kuundwa. Kimofolojia, kirejeshi -ji- pamoja na ukanushi humwondolea mtu uwezo juu ya nafsi yake mwenyewe. Katika nchi ambayo tangu 1967 ilikuwa imelifanya neno kujitegemea kuwa kipimo cha uraia mwema, kuitwa asiyejiweza kulikuwa ni kuwekwa nje ya kipimo hicho. Azimio la Arusha lenyewe, lilipoeleza nchi isiyo na unyonyaji, liliwataja watu wenye ulemavu pamoja na watoto wadogo na wazee miongoni mwa wale wachache wasiofanya kazi. Nia ilikuwa kuwalinda. Lakini kwa nia hiyohiyo walitolewa katika orodha ya watenda kazi. Hapa ndipo suala la vitenzi linapoanzia.

3.0 Vitenzi: Nani anatenda katika habari?

Mwaka 1982, kufuatia Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu wa 1981, Bunge lilitunga sheria mbili: Sheria Na. 2 iliyohusu ajira, na Sheria Na. 3 iliyohusu matunzo. Sheria hizo zilibeba vitenzi viwili vinavyopingana. Ya kwanza ilimwona mtu mwenye ulemavu kuwa mfanyakazi, na ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi kwa ajili ya watu hao. Ya pili ilimwona kuwa mtu wa kutunzwa. Sheria ya 2010 iliongeza kiwango cha ajira kuwa asilimia 3 na kuwagusa waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 20. Lakini katika kurasa za magazeti na katika taarifa za habari, kitenzi kilichotawala ni kile cha sheria ya pili.

Aina ya habari inayodhihirisha jambo hili kuliko nyingine zote ni picha ya makabidhiano. Kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili anaijua: kiongozi au mfadhili amesimama, mtu mwenye ulemavu ameketi, kati yao pana baiskeli ya magurudumu matatu, fimbo nyeupe au katoni za mafuta ya ngozi. Maelezo ya picha hufuata kiunzi kinachoweza kuwakilishwa kwa sentensi hii ya kubuni:

(3) Mkuu wa Wilaya akimkabidhi baiskeli ya magurudumu matatu mmoja wa walemavu wa wilaya hiyo.

Kiima ni kiongozi mwenye cheo, na kwa kawaida jina lake hutajwa. Yambwa ni mtu asiye na jina wala kazi, anayetambulishwa kwa ulemavu wake tu. Sasa itumike istilahi iliyokubaliwa na sera:

(4) Mkuu wa Wilaya akimkabidhi baiskeli ya magurudumu matatu mmoja wa watu wenye ulemavu wa wilaya hiyo.

Jina limerekebishwa, lakini taswira haikuguswa. Anayetenda ni yuleyule, na anayetendewa ni yuleyule. Linganisha na sentensi ifuatayo, ambayo ingeweza kuandikwa juu ya picha hiyohiyo bila kuongeza wala kupunguza ukweli:

(5) Fundi viatu wa Tandika akiijaribu baiskeli ya magurudumu matatu atakayoitumia kwenda kazini.

Katika (5) neno ulemavu halikutajwa kabisa, na halikufichwa pia, kwa kuwa picha inaonyesha. Kilichobadilika ni kiima na kitenzi. Fundi anajaribu, atatumia, anakwenda kazini. Msomaji wa (3) na (4) hubaki na swali moja tu: nani mwingine atatoa msaada? Msomaji wa (5) anaweza kuuliza maswali ya raia: barabara ya kwenda kazini kwake inapitika? Baiskeli ikiharibika itatengenezwa wapi? Halmashauri ina wajibu gani?

Haifai kuhitimisha kutokana na mifano hii kuwa kauli ya kutendwa ni mbaya kwa asili yake. Salum Khalfan Barwany alichaguliwa kuwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, akiwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, na Abdallah Possi aliteuliwa kuwa naibu waziri mwaka 2015. Vitenzi hivyo ni vya kutendwa, lakini mtendwa wa kuchaguliwa au kuteuliwa huanza kutenda siku inayofuata: huuliza maswali, hutia sahihi, hulaumiwa kwa kazi mbaya na husifiwa kwa kazi nzuri. Tofauti iko katika kile kinachofuata kitenzi. Katika habari ya makabidhiano hakuna kinachofuata.

Kiunzi cha pili ni cha shujaa wa ajabu, ambamo kazi ya kawaida husimuliwa kwa mshangao: ni kipofu lakini anafundisha, hana miguu lakini anashona. Hapa mtu anatenda, ila kiunganishi lakini hukifanya kitendo chake kionekane kinyume cha matarajio. Kiunzi hiki kina nafuu, lakini huwaacha nyuma wengi ambao hawana ajabu yoyote na wanaotaka tu kufanya kazi. Kiunzi cha tatu ni cha mzaha: kigugumizi na kuchechemea hutumiwa katika vichekesho kuibua kicheko, na mhusika mwenyewe hana hadithi nje ya kasoro hiyo.

Upo mfano wa zamani unaokwenda kinyume na viunzi vyote vitatu. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliitwa kwenye taarifa ya habari kwa mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyekuwa akipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Wengi wao hawakujua kuwa haoni, na hawakuhitaji kujua. Redio ilimleta kwao kupitia kitenzi kimoja, naye alikuwa kiima chake: alipiga.

4.0 Ualbino: Faida na gharama ya habari

Mjadala huu hauwezi kukamilika bila kugusa habari za watu wenye ualbino. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, mauaji ya kikatili ya watu hao, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaliripotiwa kwa wingi. Vyombo vya habari vilifanya kazi kubwa. Mwandishi Vicky Ntetema wa BBC alifichua mwaka 2008 biashara ya waganga iliyokuwa nyuma ya mauaji hayo na akatishiwa maisha kwa kufanya hivyo. Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Bila habari hizo, damu hiyo ingemwagika kimya.

Katika kipindi hicho nomino pia zilibadilika kwa haraka: zeruzeru, neno lililohusishwa na imani za mizimu, lilipisha albino, kisha mlemavu wa ngozi, na hatimaye mtu mwenye ualbino. Lakini vitenzi vilivyosikika kila siku vilikuwa vya aina moja: kuwindwa, kukatwa, kuuawa, kufichwa. Jijini Dar es Salaam, mbali na Kanda ya Ziwa, mitaani palizuka neno jingine la kumwitia mpita njia mwenye ualbino: dili. Neno hilo halina hata upatanisho wa kiumbe hai; linataja bidhaa. Si vyombo vya habari vilivyolibuni, ila lilistawi katika mazingira ambamo mtu huyo alisikika redioni kila siku kama kitu chenye bei.

Gharama nyingine ilikuwa ukimya. Saratani ya ngozi inayotokana na jua huua watu wengi wenye ualbino mapema, na uoni hafifu huwakwamisha watoto darasani. Kofia pana, mafuta ya kukinga jua, miwani, na dawati la mbele darasani ni mambo yanayookoa maisha na masomo, lakini hayana mshtuko wa kutosha kuwa kichwa cha habari. Hapa kiunzi cha mhanga, pamoja na nia yake njema, kiliacha nje sehemu kubwa ya maisha yenyewe.

5.0 Mitaani: Kinondoni na Temeke

Lugha ya mitaa inatoa picha yenye pande mbili. Kwa upande mmoja, jirani huitwa kwa kazi yake au kwa nasaba: fundi, mwalimu, mzee, mama fulani. Katika Wilaya ya Temeke kipo Chuo cha Ufundi cha Watu Wenye Ulemavu cha Yombo, na wahitimu wa ufundi, popote wafanyapo kazi, huitwa na wateja wao fundi, kama mafundi wengine. Jina hili hutokana na kitenzi cha kazi, na halihitaji sera kulinda heshima yake. Anayecheka ulemavu wa mwenzake hukemewa kwa methali hujafa hujaumbika, inayomkumbusha kwamba umbo la mtu halijakamilika angali hai. Methali hiyo haiombi huruma. Humweka mchekaji na mchekwa katika kundi moja.

Kwa upande mwingine, nje ya mtaa wake mtu huyohuyo hupoteza jina la fundi. Kituoni, ngazi ya daladala ni ndefu na konda ana haraka. Abiria mwenye magongo huhesabiwa kuwa anayechelewesha gari. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na tawi lake la Morocco huko Kinondoni, yalijengewa vituo vyenye sakafu inayolingana na mlango wa basi. Ubunifu huo ni tungo ya aina yake: humruhusu abiria kupanda pasipo kupandishwa. Tofauti ya panda na pandishwa, ambayo mwanafunzi wa sarufi hujifunza kama mnyambuliko tu, ndiyo tofauti kati ya abiria na mzigo.

Katika omba-omba wa barabarani, taswira ya hadhara na ya habari hukutana. Ombaomba aliyejulikana jijini kwa jina la Matonya alipata umaarufu mkubwa hata jina lake likageuka kuwa nomino ya kawaida ya kumtaja yeyote aombaye. Kwa wapita njia wengi, kikombe barabarani na ulemavu vimekuwa kitu kimoja, hata mtu mwenye ulemavu anayengoja basi tu huweza kupewa sarafu ambayo hakuiomba. Sarafu hiyo hutolewa kwa wema, lakini humpa mtu nafasi katika sentensi asiyoichagua.

Kinyume chake ni waendesha bajaji. Chombo hicho, kinachoongozwa kwa mikono, kiliwapa watu wengi wenye ulemavu wa miguu kazi ya usafirishaji, na baadhi yao walizoea kupeleka abiria hadi katikati ya jiji. Juni 2017 waliandamana kudai haki ya kuingiza bajaji zao humo, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Tukio hilo liliwezekana kusomwa kwa namna mbili. Kwa usomaji wa kwanza, wanyonge walionewa, na kosa ni ukosefu wa huruma. Kwa usomaji wa pili, wafanyakazi walidai njia ya kufanyia kazi yao, na kosa, kama lipo, ni la sera ya usafiri na la haki ya kuandamana. Usomaji wa kwanza huamsha hisia haraka, lakini hudai wasamehewe. Wa pili hudai wajibiwe. Vitenzi walivyovichagua wenyewe barabarani, kudai na kuendesha, vilikuwa vya usomaji wa pili.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu haupunguzi thamani ya mabadiliko ya istilahi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 54, imeifanya kuwa haki ya mtu mwenye ulemavu kutajwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na hilo linaonyesha kuwa jina ni suala la haki, wala si la adabu tu. Lakini jina jipya ndani ya sentensi ya zamani huzeeka haraka. Mlemavu lilikuwa neno la heshima lilipolisukuma kilema pembeni. Leo nalo linasukumwa. Mtu mwenye ulemavu nalo litachakaa iwapo litaendelea kuwa yambwa wa kukabidhi, kusaidia na kuhurumia.

Kwa hiyo kipimo cha uhariri kinachopendekezwa hapa ni chepesi. Mwandishi, mhariri, mtafsiri wa sera na mtahini wa insha hawatoshi kuuliza mtu ameitwaje. Waulize pia ametenda nini, ana kazi gani, jina lake limetajwa kama lilivyotajwa la mtoa msaada, na kama ulemavu wake unahusiana na habari inayosimuliwa. Kwa watafiti, uwanja ulio wazi ni ukusanyaji wa matini za magazeti na redio za vipindi mbalimbali ili kuhesabu viima na yambwa, si majina peke yake. Sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 atenge nafasi kwa watu wenye ulemavu. Lakini mwajiri huyo ni msomaji wa magazeti pia, na akifikiwa na barua ya kuomba kazi, atamfikiria mwombaji kwa vitenzi alivyozoeshwa kuvisoma.